Buku Langu la Mifuko

Wapo watu wanaokusanya stempu, wapo wanaokusanya sarafu za zamani, na hao wanaheshimika. Mgeni akija anaonyeshwa, anavaa miwani, anasema kweli hii ni hazina. Mimi nilikusanya mifuko ya plastiki ya maduka ya Kariakoo. Niliibandika kwenye kaunta buku, lile daftari nene lenye jalada gumu, kila mfuko ukurasa wake, na mgeni niliyemwonyesha kwa mara ya kwanza aliniuliza kama nyumbani wanajua kwamba naumwa.

Sikumlaumu. Lakini anayeiona leo mifuko hii mbadala ya kitambaa, yote rangi moja, yote haina la kusema, hawezi kujua mambo yalivyokuwa. Zamani kila duka la Kariakoo lililojiheshimu lilikuwa na mfuko wake na picha yake. Duka la magodoro lilichora mwanamke aliyelala anatabasamu. Duka la viatu lilichora kiatu chenye mabawa. Muuza redio mmoja alijichora mwenyewe, masharubu na yote, kiasi kwamba ukiubana mfuko wake kwapani ulionekana umembeba bwana mzima. Ungesimama pale barabarani jioni ukawajua watu wote wametoka kununua nini na wapi, bila kumuuliza mtu.

Nilianza nikiwa shule ya msingi, dukani kwa baba. Baba alikuwa akiuza vyombo kwa jumla, karibu na Msimbazi: sufuria, majagi, ndoo, vikombe vya bati. Alishuka Dar kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, kama wenye maduka wengi wa mtaa ule, na kila Desemba alifunga duka tukapanda kwenda nyumbani mlimani. Wateja wake walikuwa watu wa mikoani. Walikuja wamebeba vitu walivyonunua kwingine, wakavihamishia kwenye magunia, na mifuko mitupu wakaiacha sakafuni. Mimi niliyetumwa kufagia nikawa sifagii, naokota. Nilimwonea huruma yule mwanamke wa godoro kukanyagwa usoni.

Shida ilikuwa kubandika. Plastiki haitaki gundi. Nilijaribu uji wa ngano, ukanikaukia na kupasuka, halafu mende wakaula na kona za daftari. Nilijaribu pini za stepla, mifuko ikachanika. Ndipo nikagundua solusheni, ile ya kuzibia pancha za baiskeli, na tangu siku hiyo mfuko nilioubandika haukubanduka. Fundi baiskeli wa pale mtaani kwetu Magomeni aliniuzia kwa miaka mingi akiamini nina baiskeli. Nilipokuwa mkubwa, nimeshaolewa na nimehamia ghorofani Mchafukoge, nilirudi kwake siku moja kununua, akanitazama kwa masikitiko.

"Dada, hiyo baiskeli yako si uiuze tu? Pancha gani hizo za tangu upo darasa la tatu?"

Nikamwambia barabara za mjini zina misumari mingi. Akakubali.

Mume wangu ndiye aliyeumia zaidi. Ni mtu mpole, anafanya kazi ofisini, na alikuwa hajaelezwa hili jambo wakati wa uchumba. Nyumba yetu ilinuka gereji. Mfuko ukiwa umekunjamana haubandikiki vizuri, kwa hiyo nilikuwa nikiupiga pasi, juu yake nimeweka gazeti, na moto mdogo kabisa. Jumamosi moja umeme ulikuwa unapanda na kushuka. Gazeti likateleza, pasi ikagusa plastiki, nikaifuta haraka kwa kitambaa nikaona imekwisha. Asubuhi nikamnyooshea mume wangu shati jeupe la kanisani, mbele na nyuma, tukatoka. Tukiwa tumesimama kwa wimbo wa pili nikasikia watu wa benchi la nyuma wanakohoa kikohozi kisicho cha kawaida. Nikageuka kumtazama mume wangu mgongoni. Mwanamke wa godoro alikuwa amelala pale katikati ya mabega yake, anatabasamu, rangi ya waridi.

Nilimvuta tukae, nikamwambia leo asisimame tena, mgongo wake unaonekana umechoka. Aliniamini mpaka tulipofika nyumbani akavua shati. Kwa wiki nzima alikuwa akinisalimia, "Mambo, mama godoro?" na mimi sikuwa na haki ya kujibu chochote isipokuwa poa.

Na sikukoma. Niliwahi kununua ndala ndogo kuliko mguu wangu kwa sababu duka lile lilikuwa limetoa mfuko mpya wa kijani na ndala za saizi yangu zilikuwa zimekwisha. Muuzaji alinikabidhi, nikamwomba mfuko wa pili, ambao haujakunjwa. Akasema ndala zenyewe ziko mfukoni tayari. Nikasema najua. Akaniita mwenzake aje anione.

Sasa mfuko wa baba. Biashara ilipochanganya, baba naye aliamua kuwa na mfuko wake, na picha aliyoitaka haikuhitaji mjadala: mlima wa kwetu, mkubwa, na theluji yake. Akamweleza mchoraji, akalipa, akasubiri. Mzigo ulipofika tukafungua robota la kwanza wote pamoja, baba, mama na mimi. Mfuko ulikuwa wa bluu. Katikati palikuwa na kitu cheupe cha mviringo, kimekaa juu ya mstari uliopinda kama sahani, na pembeni yake wingu dogo limejikunja mfano wa kibakuli cha mchuzi. Baadaye mpagazi aliyeuleta mzigo akachungulia, akafurahi.

"Mzee, umeongeza na mgahawa?"

Baba alikwenda kwa mchoraji mbiombio. Alirudi polepole. Mchoraji alikuwa amemwambia kwamba huo ndio mlima, ila umetazamwa kwa mbali. Mifuko ilikuwa imeshalipiwa na imejaa stoo mpaka juu, ikabidi itumike. Haikupita muda mrefu duka letu lenye jina lake zuri la kikwetu, limeandikwa kwa rangi juu ya mlango, likawa halina jina tena. Likawa Kwa Ugali. Wapagazi waliita hivyo, wateja wa Tabora waliita hivyo, na barua moja ilitufikia imeandikwa hivyo. Baba alinuna miezi, kisha siku moja nikamsikia anamwelekeza mteja kwenye simu: "Ukifika Kariakoo wewe uliza kwa Ugali tu, watakuleta." Mifuko ilipokwisha akaagiza mingine, na mchoraji alipojitolea kurekebisha picha, baba alimkatalia kabisa.

Mama hakusamehe. Yeye naye ni wa mlimani, tena mzee wa kanisa, na aliuona ule mfuko kama tusi kwa nyumbani kwao. Alipoutumia aliugeuza kwanza, picha iwe ndani. Hata akienda gengeni kununua vitunguu, aliugeuza.

Jumamosi tu ndipo hakuweza. Jumamosi mama alikuwa anakuja dukani mchana kusaidia, na wakifunga walipita sokoni kununua mahitaji ya wiki, kisha tukarudi Magomeni kwa miguu kwa sababu baba alisema kukaa dukani kutwa kunamwozesha miguu. Mzigo ulitiwa kwenye mfuko mmoja wa duka, ule mkubwa, na mfuko ukijaa hivyo haubebwi na mtu mmoja. Kila mmoja alishika kishikio kimoja, baba upande wake, mama upande wake, na mfuko ukaning'inia katikati yao na ugali wake nje kwa watu wote kuona. Mimi nilifuata nyuma na vitu vyepesi. Nilikuwa nikiwatazama mikono tu. Baba alikuwa mrefu, na alikuwa akiuvutia mzigo kwake ili mama asisikie uzito. Mama akauona ujanja huo akauvutia kwake. Walikwenda hivyo njia nzima, wanabishana bila kusema, na mimi nyuma nacheka.

Katika buku langu mfuko huo haukuwemo. Nani akusanye kitu ambacho stoo imejaa? Nilibandika vya watu, cha kwetu nikakiacha, mpaka Jumamosi moja, nimeshakuwa na watoto wangu, nilipowatembelea Magomeni. Walikuwa ndio wanaingia na mzigo wao, machungwa na viazi na mafuta ya kupikia. Baba alikuwa anahema kuliko kawaida. Niliutoa mzigo, mfuko ukabaki mtupu mezani, nikaona vile vishikio vilivyovutika. Plastiki ikishavutwa na uzito hairudi. Kimoja kilikuwa kimerefuka, chembamba, karibu kuona upande wa pili. Kingine kilikuwa kimevutika kidogo tu. Sijui kwa nini siku hiyo niliukunja nikautia kwenye pochi.

Mama akaniona. "Hata huo? Na huo ugali wenu nao unaenda kuubandika?"

Baba akasema, "Mwache, ndio mlima wetu wa mjini."

Hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi yao ya mwisho ya kwenda sokoni pamoja. Baba aliingia hospitali wiki iliyofuata, na tukampandisha mlimani kumzika kabla Desemba haijafika. Duka tulilifunga. Mwenye jengo akauza, jengo likavunjwa, likapandishwa ghorofa, na pale palipokuwa na kaunta ya baba leo wanauza makava ya simu. Nikipita huwa natafuta kwa macho pale sakafuni nilipokuwa nafagia, na sipapati.

Kisha ukaja ule mwaka serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Kila nyumba ilikuwa nayo: nyuma ya mlango wa jikoni mfuko mmoja unaning'inia, umejaa mifuko mingine. Redio ikatangaza watu waisalimishe. Wengine waliitupa, wengine waliificha chini ya godoro. Mama aliiweka yote kwenye ndoo, ikiwemo bunda zima la ile ya duka iliyokuwa imebaki, akavaa nguo ya kanisani, akaipeleka ofisi ya serikali ya mtaa mwenyewe. Nilipofika kumwomba aniwekee hata kumi, ndoo ilikuwa imeshaoshwa na imeanikwa juani. Alisema baba yangu hakuwahi kuvunja sheria maishani mwake na hatamwanzishia sasa akiwa kaburini.

Kwa hiyo ukabaki mmoja. Ulikuwa katikati ya buku langu, Mchafukoge, chumbani, juu ya kabati, na mimi nikawa mwanamke mwenye magendo. Mume wangu alifurahi kupita kiasi. Kila hodi ikigongwa alininong'oneza niruke dirishani.

Nilikuwa na matumaini kwamba mama hatajua, kwa sababu macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho na buku alikuwa akiliona kama buku tu. Lakini sisi wenyewe ndio tuliompeleka kufanyiwa upasuaji, tukamleta akae kwetu apumzike. Bandeji zilipotoka alizunguka nyumba nzima na macho yake mapya. Aliona vumbi juu ya feni. Aliona mvi zangu. Akaona buku, akalifungua, akamkuta yule muuza redio na masharubu yake.

"Mwanangu," alisema, "hii si ndiyo ile iliyokatazwa?"

Nikamwambia hii si mifuko, ni kumbukumbu. Akasema kumbukumbu haina vishikio. Tukabishana siku nzima. Sikumfungulia ukurasa wa katikati. Nilijua akiuona atauondoa huo wa kwanza, uwe mfano. Nililirudisha buku juu ya kabati nikaomba Mungu apone haraka arudi kwake.

Haikusaidia. Siku ile ile ya kubishana, jioni, mtendaji wa mtaa akagonga, kijana mwenye faili, anaandikisha wakazi wa jengo letu. Akamwamkia mama shikamoo, akapewa kiti na soda. Akaandika majina, akauliza watoto wako wapi, akafunga faili. Alipokuwa anasimama akaona mfuko mbadala umetundikwa mlangoni, akasema kwa utani tu, kama mtu anayeaga:

"Naona hapa mko vizuri. Ya plastiki haipo tena, eti?"

Mume wangu akatazama dari. Mama akaweka kikombe chini.

"Ipo, baba. Subiri."

Akaenda chumbani, tukasikia kiti kinaburutwa, akarudi na buku amelikumbatia kwa mikono miwili kama analeta sadaka madhabahuni. Akaliweka mbele ya mtendaji. Yule kijana akafungua, akafungua tena, akamtazama mume wangu, akanitazama mimi.

"Dada, hii yote umeigandisha wewe? Kwa hiari yako?"

Nikakubali.

"Sasa mnanipa kazi. Hii inatakiwa kusalimishwa."

Nilianza kumweleza, nikajikuta napiga kelele, nikamwambia achukue ndala, achukue magodoro, achukue kiatu chenye mabawa, ila kuna ukurasa mmoja hataondoka nao hata aite polisi. Mtendaji akasema hajaja kugombana na mtu. Mama hakunitazama. Alikuwa anafikiri.

"Baba," akamwambia, "sheria imekataza nini hasa?"

"Mifuko ya kubebea, bibi."

"Na hii inabeba?"

"Ikibanduliwa itabeba."

"Ikikatwa vishikio?"

Kijana akakuna kichwa kwa kalamu. Akasema mfuko usio na vishikio, tena uliogandishwa na solusheni, yeye hawezi kuuita mfuko. Mama akaniambia nilete mkasi.

Akakaa, akaanza kukata. Nilisimama pembeni nikisikia kila mkato mwilini. Kiatu chenye mabawa, vishikio vikaanguka. Muuza redio, vikaanguka. Mwanamke wa godoro hakuamka. Vishikio vikajaa mezani, vyekundu na kijani na manjano, na mtendaji akasema hivyo itabidi aende navyo kama vimesalimishwa, ila hana pa kuvitia.

"Tumtafutie mfuko?" mume wangu akauliza.

Mtendaji akavitia kwenye bahasha.

Ndipo mama akafunua ukurasa wa katikati. Mkasi ukasimama hewani. Alikuwa hajauona mlima ule tangu ile siku ya ndoo, na kwa miaka kabla ya hapo aliuona kwa ukungu. Sasa aliuona wote, bluu na nyeupe, na kibakuli cha mchuzi pembeni. Nilijua anachokwenda kufanya. Nilisema, "Mama, tafadhali."

Akagusa vishikio. Kama mingine, nilikuwa nimeupaka solusheni katikati tu; vishikio na kitako vilikuwa vinaning'inia. Akakipapasa kile kirefu, taratibu, kutoka juu mpaka chini pale kilipokuwa chembamba.

"Huu ni ule wa machungwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anavuta. Nikamwambia acha kuvuta, wewe unaumwa. Hakusikia."

Mtendaji alikuwa amefungua tena faili lake, anasoma kitu ambacho nadhani hakikuwepo. Mama akaushika mfuko, akashusha mkasi, na hakukata vishikio. Alikata chini. Alianzia upande mmoja akaenda mpaka wa pili, chini ya ile sahani, akaondoa kitako chote cha mfuko, ukawa wazi juu na chini. Akampa kijana kile kipande.

"Huu nao haubebi tena kitu. Andika."

Kijana akaandika, akaaga kwa heshima zote, akaondoka na bahasha yake.

Mama alirudi Magomeni macho yalipopona. Jumapili akija kwetu baada ya ibada, ananiambia nishushe buku. Halipekui. Anafungua katikati, picha juu, anaingiza vidole viwili kwenye kishikio chake, kile kifupi, anakaa nacho tukiwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Kile kirefu hakigusi. Mara moja nilitaka kukishika mimi, nimsaidie. Nikasogeza mkono karibu, halafu nikaurudisha, nikaenda jikoni kutenga chakula.